Picha ya Asili, Chapa na Nakala

Kaeni karibu na redio, kila mmoja na daftari na kalamu yake. Leo tutajifunza maneno matatu: picha ya asili, chapa, na nakala. Mtu asiyeyapambanua maneno haya huweza kutoa fedha nyingi kwa kitu cha bei ndogo. Huweza pia kuharibu kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha.

Tuanze na picha za hapa kwetu. Ukitoka Dodoma mjini ukashika barabara ya kaskazini, ukapita Kondoa, utafika Kolo. Katika vilima vya huko kuna miamba iliyochorwa watu na wanyama na watu wa kale. Picha nyingi ni nyekundu, kwa rangi itokayo katika mawe yenye chuma. Nyingine ni nyeupe, nazo ni za baadaye. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hizo ni picha za asili. Kila moja iko peke yake, ikifutika, imekwisha.

Mwaka 1951 Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, alizinakili picha za Kondoa. Alifuatisha michoro kwa mkono juu ya karatasi inayopenya nuru. Kazi yake ilitolewa katika kitabu mwaka 1983. Picha za kitabu kile ni nakala. Zatuonyesha umbo la picha za miambani, lakini mwamba haumo, wala rangi ile iliyopakwa na mchoraji wa kale haimo.

Je, chapa ni nini? Fikirini muhuri wa ofisi. Karani akigonga muhuri juu ya risiti mia moja, kila alama ni halisi, kwa sababu kila moja imetoka katika muhuri wenyewe. Mchoraji wa chapa hufanya vivyo hivyo. Huchonga ubao au bamba la shaba, hulipaka wino, huweka karatasi juu yake na kukandamiza. Kabla ya hapo picha ile haikuwapo juu ya karatasi yo yote. Kwa hiyo chapa ni kazi ya asili, ingawa ziko nyingi. Mara nyingi mchoraji hutia sahihi kwa penseli na kuandika namba. Ukiona 7/50, maana yake ni chapa ya saba katika hamsini.

Sasa itoe fotokopi risiti ile. Muhuri utauona, lakini haukuigusa karatasi ya pili. Hiyo ndiyo nakala: ni picha ya picha.

Hata hivyo, nakala zote hazilingani. Nakala duni hupigwa kwa wino hafifu juu ya karatasi ya kawaida. Itundike mahali penye jua, nayo itapauka. Na karatasi yenye tindikali hugeuka manjano kama gazeti la zamani. Nakala bora hutengenezwa kwa uangalifu. Picha ya asili husomwa na mashine kwa undani, rangi zikalinganishwa na za asili, kisha hupigwa kwa wino wa unga wa rangi, usiopauka upesi, juu ya karatasi ya pamba isiyo na tindikali. Nakala hiyo hustahili bei yake. Lakini bado ni nakala.

Utazitambuaje? Kwanza, chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vya rangi vimejipanga, kwa kawaida hiyo ni nakala ya kiwandani. Pili, chapa ya bamba la shaba mara nyingi huacha mbonyeo wa kingo za bamba katika karatasi. Tatu, muulize mwuzaji: ubao au bamba lilichongwa na nani? Kama hakuna, huenda hiyo si chapa ya mchoraji. Jihadharini: sahihi na namba huweza kutiwa hata juu ya nakala. Haziigeuzi kuwa chapa.

Mwisho, tukumbuke Kolo. Wako watu waliomwagia maji picha za miambani ili rangi zing'ae zipate kuonekana vizuri. Rangi hung'aa kwa kitambo, lakini maji huzidi kuzifuta. Atakaye kuitazama picha kwa karibu, kuigusa na kuipitisha darasani, na apewe nakala nzuri. Nakala ikichakaa, tutapiga nyingine. Mwamba wa Kolo hauna wa pili.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Kwa nini chapa hamsini za ubao mmoja zote ni kazi ya asili?
2. Nakala bora yatofautianaje na nakala duni?
3. Ungemwambia nini mtu anayetaka kumwagia maji picha ya mwambani?

Andikeni majibu katika madaftari. Kwaherini.