Kosa la Daktari Peke Yake Halishindi Kesi

Kati ya 1984 na 1991, Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake katika Hospitali ya Mkoa ya Maweni, Kigoma, walipunguza vifo vitokanavyo na uzazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Walitumia hatua za gharama nafuu, nyingi kwa rasilimali zilizokuwapo. Kumbe wengi wa akina mama waliokuwa wakifa wangeweza kuokolewa.

Hakimu lakini haulizwi habari za wengi. Anaulizwa habari za mama mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa Kalya, kusini mwa Mkoa wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, anajifungulia kijijini na damu haikatiki. Boti ya injini inamfikisha hospitali moja ya mjini saa nane usiku. Daktari wa zamu anaitwa, haji mpaka alfajiri, na mama anafariki. Uzembe upo wazi. Wakili wa hospitali hataubishia sana. Atasema tu kwamba mama alikwisha kupoteza damu nyingi ziwani, na hata daktari angewahi, asingepona.

Hoja hiyo ina nguvu, na iliwahi kushinda kesi Uingereza. Januari 1, 1966, walinzi watatu wa usiku jijini London walitapika baada ya kunywa chai, wakaenda hospitali. Daktari hakuwaona, aliagiza warudi nyumbani. Mmoja akafa siku hiyohiyo kwa sumu ya aseniki. Mahakama ilikiri kwamba daktari alizembea, lakini ikaona dawa isingemfikia marehemu kwa wakati. Mjane akashindwa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, ila kanuni yake ndiyo inayotumika: anayedai athibitishe kwamba, kama mgonjwa angetibiwa kwa wakati, uwezekano wa kupona ulikuwa mkubwa kuliko wa kutopona.

Kwa mama wa Kalya, jibu limo ndani ya faili: presha ilipimwa saa ngapi na ilisomaje, chupa ya damu iliombwa lini, ikatundikwa lini. Presha ya saa nane ikiwa bado inaridhisha, daktari bingwa wa uzazi anaweza kueleza mahakamani kwamba nafasi ya kumwokoa ilikuwapo. Ukurasa wenye kipimo hicho ukikosekana, familia inabaki na uchungu wake. Na inaumiza kwamba faili lenyewe linakaa kwa anayeshtakiwa.

Hospitali ikiwa ya Serikali, notisi ya siku 90 hutangulia kesi. Barua ya kuomba nakala ya faili haina haja ya kungoja notisi hiyo. Matanga yakiisha, iandikwe, ipelekwe kwa mganga mfawidhi, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.