Mbogi ya Nyuzi Nane

Wasee wengi wa rika yetu wamejifunzia ala kwa keja: mlango umefungwa, simu imeegemea kikombe, na jamaa flani wa YouTube anakuonyesha vidole ziende wapi. Hakuna noma. Lakini huyo jamaa hakuskizi. Ukikimbia hajui, ukibaki nyuma hakungoji, na ukichoma anasmile tu vile alismile jana.

Ndo maana nasema, kama unapiganga mandolini na uko huku Marekani, jipange uende kambi ya wikendi hata moja. Watu wanaingia Ijumaa jioni, wanatoka Jumapili baada ya shoo. Kuna madarasa ya mbinu, kuna mabazenga wa solo wanakuja kuangusha, zote fiti, lakini hizo hata YouTube ungezipata. Kile hutawai pata kwa keja ni kuketi katikati ya watu 20 wenye mandolini, karatasi mbele yako, na kila msee anakutegemea ushike laini yako.

Nikuchanue mapema: mbogi yenyewe ni wazee. Kabisa. Saa ya breko utashare meza na watu wa rika ya guka yako, wamestaafu, na wanabonga risto za mbao za mandolini hadi chai inapoa. Usiwachukulie poa. Milwaukee kuna okestra ya mandolini ilianza 1900, na bado iko. Enzi hizo hii ala ndo ilikuwa imeshika vijana, vilabu vimejaa kwa miji, na kampuni ya Gibson ya Kalamazoo ilikuwa inawauzia ukoo mzima: mandolini, mandola iliyo kubwa kidogo, mandochelo ya kunguruma, hadi mandobesi ya nyuzi nne.

Sasa mmefika, sehemu zinagawanywa. Hapa ndo utajua tabia za watu. Kila mtu anataka mandolini ya kwanza, juu hiyo ndo inabeba melodi. Ukipewa ya pili unaona ni kama umewekwa benchi. Mimi naona ni kinyume. Wa kwanza anaweza jiskiza pekee yake na shoo iende. Wa pili lazima askize melodi, askize besi, askize jirani, juu noti yake ikiteleza kidogo tu kodi nzima inachacha. Kama mathe wako alikuwa anawasha rumba Jumapili, hii unaijua: kuna gita la solo, kuna la rithimu, na katikati kuna mi-solo. Toa mi-solo uone nani atabaki akidensi.

Halafu kuna tremolo, na hii ndo ilinimaliza. Sauti ya mandolini hukufa haraka. Unagonga uzi, inalia kidogo, imeisha. Ukitaka noti ndefu lazima plektra iende juu na chini mbio mbio bila kuachilia. Ukiwa solo inatoka kama nyuki kwa chupa. Lakini watu 20 wakiifanya, kila mkono na mbio yake, nafasi ya huyu inazibwa na yule, na noti inatokea nzima, haina mahali imekatika. Vijana huwa tunataka tuishikanishe, mikono yote iende sawa. Kiongozi anasema zii, kila mtu na yake. Nilikuwa nimekaa karibu na shosh mmoja wa mandochelo: kiganja kimelegea, mkono unatingika kutoka kwa kifundo pekee, bega halisongi hata kidogo. Chali wa upande ule mwingine alikuwa amekaza hadi shingo. Kabla ngoma iishe mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, shosh bado anateleza tu.

Kundi la bluegrass ni risto ingine. Hakuna karatasi, na mara nyingi hakuna dramu. Dramu ni wewe. Unabana kodi, unagonga kwa biti ya pili na ya nne, halafu papo hapo unalegeza vidole bila kuzitoa kwa nyuzi. Sauti inakatika: chak! Hiyo ndo chopu. Bill Monroe, budaa wa hii mziki, alikuwa wa mwisho kuzaliwa kwa familia ya watoto 8 huko Kentucky. Mabro zake walishachukua fidla na gita, yeye akaachiwa mandolini. Tena inasemekana walimwambia atoe nyuzi nne, asiwapigie kelele. Makombo ya mabro, manze, ndo yalizaa mziki mzima. Na kwa hilo kundi hesabu ni hivi: solo yako ni kidogo tu, halafu unarudi kuchopu ndo wengine wang'are. Kama hiyo hesabu inakuuma, keja bado iko.

Kitu inaboesha ni kutyuni. Watu 20, nyuzi nane kila mtu, hizo ni 160, na ukitoka kwa baridi ya nje ukaingia ukumbi wenye hita, zote zimehama. Mtatyuni hadi ukasirike. Zoea.

Ukienda, beba penseli, si biro, juu makaratasi mob hurudishwa. Beba mashine ya kutyuni ya kuklipu kwa shingo, na nyuzi za E za ziada, hizo nyembamba ndo hukatika kwanza. Na wakiuliza unataka sehemu gani, sema ya pili kabla wazee hawajaimaliza.