Kutu inakula kamio yetu pole pole: tuiangalie mbele ya mvua

Mwaka jana, mwezi wa 11, nilikuwa mu kamio ya koperative moja kwenye barabara ya Kasenga. Tulibeba mifuko 100 ya angre, kila mumoja kilo 50. Mu shimo moja tu, wala halikuwa kubwa, tukasikia mulio "ka!" chini ya kabini. Shasi ilikuwa imepasuka. Tulilala pale siku mbili na mvua ikanyesha. Bashi ilikuwa na matundu, mifuko mingi ikawa jiwe. Wakulima walipanda mahindi kwa kuchelewa, na wengine bila angre.

Shofere alisema ni shimo. Apana. Nilipoingia chini niliona chuma kinabomoka mukononi kama mukate mukavu. Juu, kamio ilikuwa inangaa, sababu ilipigwa rangi mwaka uleule. Njo pale kosa letu lilipokuwa: rangi ilipigwa juu ya kutu.

Kutu inahitaji vitu viwili tu kando ya chuma: maji na hewa. Vyote viwili vinapita mu rangi iliyopasuka. Kutu ikizaliwa, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo inainua rangi toka ndani. Ukiona rangi imevimba kama ngozi iliyoungua, ujue kazi imeanza zamani.

Na sisi wakulima tunaisaidia. Vumbi ya angre inayomwagika mu karoseri, hasa NPK, inavuta maji toka hewani na kuyafanya makali kwa chuma, sawa vile chumvi. Samaki ya chumvi inafanya hivyo hivyo. Kisha matope yanajaa mu pembe za shasi na kukaa na unyevu wiki nzima, hata kama jua linawaka.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni bei ya chini: maji. Kila mara mukishusha angre ao samaki, mufagie karoseri kwanza, kisha muoshe juu na chini. Chini ndiko mutu hapendi kuosha. Tafuteni matundu madogo chini ya milango na muyazibue kwa kijiti, maana maji yakikosa njia yanaozesha mulango toka ndani. Na tafadhali, si ndani ya mutoni. Watu wanakunywa kule.

Mwezi wa 7 ao wa 8, wakati wa kiangazi, ipelekeni kamio fasi kavu. Chukueni nyundo ndogo na mugonge shasi kidogo kidogo. Chuma kizima kinalia wazi. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na pengine nyundo inaingia. Fasi ile rangi haifai tena. Ni fundi wa sudure akate chuma kibaya na kuweka kipya. Mbele ya sudure, atoe waya za batri, na asipige karibu na tangi ya mafuta.

Kutu ya juu juu munaweza kuitoa wenyewe: brosi ya chuma, kisha musasa, mupaka chuma kingae. Funikeni macho na pua. Futeni vumbi, na siku ileile mupige antirui, sababu chuma uchi kikilala usiku mu unyevu kinaanza tena. Antirui peke yake haitoshi. Ikikauka, mupige tena, kisha rangi ya kawaida mara mbili.

Wengi wananiuliza juu ya mafuta machafu yaliyotoka mu moteri. Ni kweli yanafukuza maji, lakini yanaharibu mipira, ni mabaya kwa ngozi, na yakidondoka mu shamba yanachafua udongo. Mimi siyapendi. Grisi safi ni bora, lakini isifike kwenye freni.

Na hizo freni zenyewe: tomboo zake za chuma zinapita chini, fasi ya matope. Ikiwa moja imeliwa na kutu, musiipake kitu. Ibadilishwe mbele kamio haijatoka tena na watu juu.

Ile kamio ya Kasenga ilipona, lakini pesa ya sudure ilitoka mu sanduku la mbegu. Sasa kamati yao imeweka nyundo nyuma ya kiti cha shofere, na karani anaandika mu kayee kila siku kamio inapooshwa.