Mnada wa Korosho kwa Kompyuta: Kazi Inayoanzia Kwenye Mzani wa Chama

Kuanzia msimu wa mauzo wa 2024/2025, minada ya korosho inafanyika kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Awali wanunuzi waliandika bei katika karatasi, wakazifunga kwenye bahasha na kuzitia katika sanduku la zabuni, kisha zikafunguliwa na kusomwa moja baada ya nyingine mbele ya wakulima. Sasa mnunuzi aliyesajiliwa huingiza bei na kiasi anachohitaji akiwa popote alipo, na muda ukiisha matokeo huoneshwa kwenye skrini mahali pa mnada. Jambo moja halikubadilika: wakulima waliokusanyika ndio wanaoikubali bei au kuikataa.

Kwa wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, mauzo hayo husimamiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI. Ufuta na mbaazi nazo huuzwa kwa utaratibu huo.

Hata hivyo, kompyuta ya mnada haipimi korosho wala haimfahamu mkulima. Inajua tu kile ilichoambiwa na karani wa Chama cha Msingi (AMCOS) kijijini. Karani hupima mzigo, huandika kilo na jina, na kumpa mkulima stakabadhi yake. Mzigo hupelekwa ghala kuu, ambako hupimwa tena na kukaguliwa ubora kabla ya kutangazwa mnadani. Msingi wa utaratibu huu ni Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na katika korosho ulianza kutumika msimu wa 2007/2008 mkoani Mtwara. Mnunuzi akishalipa, fedha hupitia ushirika, makato hutolewa, na kiasi kinachobaki huingizwa katika akaunti ya mkulima.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Zamani karani aliyekosea herufi moja aliweza kusahihisha kwa kalamu, kwa kuwa alimjua mzee aliyesimama mbele yake. Benki haimjui mzee huyo. Jina la daftari la chama likitofautiana na jina la akaunti, malipo hukwama au hurudishwa, hata kama mnada ulimalizika kwa dakika chache na bei ilikuwa nzuri. Kwa hiyo chama kilichonunua kompyuta bila kumfundisha karani wake, na bila kuhakiki orodha ya wanachama kabla ya Oktoba, kimehamisha tu foleni kutoka mnadani hadi dirisha la benki.

Nachingwea ina kumbukumbu yake ya mashine zilizotangulia maandalizi. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947, ulileta matrekta na matingatinga, ukajengewa hata reli. Ukaachwa mwaka 1951, baada ya kubainika kuwa udongo na mvua havikuchunguzwa ipasavyo. Mfumo wa sasa ni mwepesi kuliko tingatinga, lakini nao unategemea kazi ya awali isiyoonekana.

Kangomba nayo inachukua sura mpya. Mkulima anayeuza korosho zake kwa bakuli kabla ya msimu hupoteza zaidi ya tofauti ya bei: kilo zake huingia kwenye mfumo kwa jina la mtu mwingine. Kumbukumbu zikionesha kuwa hakuuza chochote, hana stakabadhi ya kudai malipo wala ushahidi wa mavuno yake.

Halmashauri nayo inahusika moja kwa moja, kwani ushuru wa mazao ya biashara, ambao ni asilimia 3, hukokotolewa kutokana na mauzo hayohayo. Kilo zisizoandikwa hazilipiwi ushuru.

Wakulima wanashauriwa kufika ofisi ya chama chao kabla ya msimu kufunguliwa, wakiwa na kitambulisho na kadi ya benki, ili kulinganisha majina na namba ya akaunti. Siku ya kupima, mkulima asome namba ya mzani mwenyewe kabla gunia halijashushwa, na asiondoke bila stakabadhi yenye kilo zilezile. Malalamiko huanzia kwa katibu wa chama; yasipopata jibu, hupelekwa kwa Afisa Ushirika wa wilaya, pamoja na nakala ya stakabadhi.