Fahamu Elimu ya Anayekutibu Mgongo na Mifupa

Mwananchi mwenye maumivu ya mgongo anaweza kukutana na daktari bingwa wa mifupa, mtaalamu wa fiziotherapia au tabibu wa kiropraktiki. Kila mmoja ana mafunzo na mipaka yake ya kazi, na kuwachanganya kunaweza kuchelewesha tiba ya mgonjwa anayehitaji upasuaji.

Ubingwa wa upasuaji wa mifupa katika ukanda huu unasimamiwa kwa sehemu kutoka Arusha. Barabara ya Njiro ndiko yaliko makao ya Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoanzishwa mwaka 1999. Chuo hicho hakina kumbi za mihadhara; daktari hujifunza kazini, katika hospitali zilizoidhinishwa, chini ya usimamizi wa mabingwa. Baada ya shahada ya udaktari na mafunzo ya utarajali, husoma miaka 2 ya ngazi ya kwanza, kisha miaka 3 ya ubingwa, na kufanya mitihani. Njia nyingine ni shahada ya uzamili katika chuo kikuu.

Kiropraktiki ni fani tofauti, iliyoanzia Marekani mwaka 1895. Tabibu wake hutibu hasa kwa mikono, akirekebisha viungo vya uti wa mgongo bila upasuaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka mafunzo kamili yasiyopungua saa 4,200, zikiwemo saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Barani Afrika, fani hii hufundishwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, Afrika Kusini. Nchini Marekani, tabibu huyo anaweza kujiendeleza katika magonjwa ya mifupa, lakini hati hiyo haimfanyi kuwa daktari wa upasuaji.

Kabla ya kukubali kutibiwa, mwananchi ana haki ya kuuliza mtoa huduma alisoma wapi, kwa muda gani na amesajiliwa na chombo gani. Kwa madaktari, usajili hufanywa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Cheti cha semina ya siku chache hakilingani na usajili.

Anayepata ganzi sehemu za siri, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo asisubiri kunyooshwa mgongo. Awahi hospitali mara moja.