KADHIA YA FORODHA KWA KOMPYUTA: MWENYE MALI NDIYE MWENYE DHAMANA

Ufafanuzi kwa watumishi wa umma na wananchi

Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano. Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara wa Chamazi, wilayani Temeke, anayepokea mzigo katika Bandari ya Dar es Salaam, na mwenzake wa Darajani anayepokea wake bandarini Unguja, wote huhudumiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kwa kuwa wananchi wa Visiwani wana ndugu na maduka pande zote mbili za bahari, ni vyema utaratibu huu ukaeleweka kwa wote.

Kadhia ni tamko la mwenye mzigo kuhusu aina, idadi, thamani na asili ya bidhaa anazoingiza nchini. Hapo zamani kadhia iliandikwa kwenye karatasi, na wakala akaibeba kutoka dirisha moja hadi jingine. Baadaye ukaja mfumo wa kompyuta wa ASYCUDA, ulioandaliwa na Umoja wa Mataifa. Mwaka 2014 nafasi yake ilichukuliwa na mfumo wa TANCIS, uliotengenezwa kwa ushirikiano na Korea Kusini.

Hatua zenyewe kwa ufupi ni hizi:

(a) Mwenye mzigo humkabidhi wakala wa forodha mwenye leseni ankara ya ununuzi, hati ya shehena, orodha ya vilivyofungashwa na vibali vinavyohitajika. TRA inashauri kazi hii ianze angalau siku 7 kabla ya meli kuwasili.

(b) Wakala huingiza kadhia katika mfumo, nayo hulinganishwa na orodha ya shehena iliyoletwa na meli.

(c) Ofisa wa forodha hupitia ainisho na thamani ya bidhaa, kisha hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na fedha hulipwa benki.

(d) Mzigo hupangiwa njia. Kijani ni kuruhusiwa, njano ni kukaguliwa nyaraka, na nyekundu ni kufunguliwa na kukaguliwa bidhaa zenyewe.

Tuchukue mfano. Bidhaa yenye thamani ya shilingi 1,000,000, pamoja na nauli ya meli na bima, ikiwa katika kundi la ushuru wa asilimia 25, hutozwa ushuru wa shilingi 250,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya jumla ya 1,250,000, nayo ni shilingi 225,000, mbali na tozo nyinginezo. Bidhaa hiyo ikiandikwa kimakosa katika kundi lisilo lake, hesabu yote hupotoka. Kompyuta haimjui mtu wala haisikilizi maelezo. Husoma kilichoandikwa tu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mfanyabiashara hudhani kwamba akishamlipa wakala, jukumu limemtoka. Sivyo. Kifungu cha 148 cha Sheria hiyo kinamfanya mwenye mali awajibike kwa matendo na matamko ya wakala aliyemwidhinisha. Aidha, kifungu cha 203 kinaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitatu, au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani, kwa anayetoa tamko la uongo.

Hali ni ngumu zaidi kwa wenye mitaji midogo wanaochangia kontena moja. Kadhia huweza kuandikwa kwa jina la mtu mmoja, na wengine wakabaki na mali dukani bila karatasi hata moja. Siku ya ukaguzi, mali waliyoinunua kwa jasho huonekana kama haina mwenyewe. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kupinga usajili wa stoo na utaratibu wa kodi, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja. Mwenye nyaraka zake husimama imara katika mazungumzo kama hayo.

Kwa hiyo wafanyabiashara wanashauriwa:

1. Kuhakikisha kwamba wakala ana leseni, na kumwidhinisha kwa maandishi.
2. Kusoma kadhia kabla haijawasilishwa, hasa ainisho, idadi na thamani.
3. Kuwasilisha kadhia ndani ya siku 21 tangu meli ianze kupakua. Mzigo unaokaa bandarini huongeza gharama kila siku, na mwisho wake huweza kuwa mnada.
4. Kudai nakala ya kadhia na stakabadhi, na kuzihifadhi kwa miaka mitano, kwani forodha huweza kuzihitaji katika muda huo.
5. Wanaochangia kontena, kuandikiana mapema mgao wa bidhaa na wa kodi.

Watumishi wa umma nao wanakumbushwa kwamba si kila mwananchi ana kompyuta. Anayefika ofisini aelezwe kosa liko wapi na lirekebishwe vipi. Jibu la kwamba mfumo haupatikani halimtoshi mtu ambaye gharama za kontena lake zinaendelea kuhesabiwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo limo ndani ya kompyuta, lakini anayeulizwa bado ni mwenye mali.