Korona, moyo mbovu na kiharusi: asilimia ndogo, gharama kubwa

Kati ya Machi 4 na Mei 2, 2020, hospitali mbili za vyuo vikuu jijini New York zilihudumia wagonjwa 1,916 wa korona. Kati yao, 31 walipata kiharusi cha kuziba kwa mshipa wa ubongo. Hiyo ni asilimia 1.6, na ukiishia hapo utaiona ndogo. Watafiti hawakuishia hapo. Walifungua kumbukumbu za wagonjwa 1,486 wa mafua ya influenza wa miaka ya nyuma, wakakuta viharusi 3 tu. Hata baada ya kuzingatia tofauti za umri, jinsia na rangi, uwezekano wa kiharusi kwa mgonjwa wa korona ulikuwa mara 7.6 ya ule wa mgonjwa wa mafua.

Mzigo huu hauwaangukii wote sawasawa. Katika sajili ya Chama cha Moyo cha Marekani ya mwaka 2020, yenye wagonjwa zaidi ya 20,000 waliolazwa, asilimia 18 ya waliozibwa mshipa wa ubongo walikuwa tayari na moyo unaodunda bila mpangilio. Kwa wasiopata kiharusi ilikuwa asilimia 9. Moyo wa namna hiyo haukamui damu vizuri: chumba chake cha juu cha kushoto hutetemeka tu, damu hutuama kwenye kifuko chake cha pembeni, na damu iliyotuama huganda. Korona nayo huleta uvimbe unaoifanya damu iwe rahisi kuganda. Donge likichomoka, linaweza kupanda hadi kichwani.

Katika sajili hiyohiyo, wenye kiharusi walilazwa wastani wa siku 22, wenzao siku 10. Mgonjwa mmoja alichukua nafasi ya wawili, tena wakati ambapo vitanda vilikuwa vinagombewa.

Na deni haliishi mgonjwa akiruhusiwa. Wanajeshi wastaafu 153,760 wa Marekani waliougua korona walifuatiliwa mwaka mzima: kwa kila 1,000, ukilinganisha na wasiougua, viharusi viliongezeka kwa takriban 4, na mapigo yasiyo na mpangilio kwa karibu 11. Wengi wao walikuwa wanaume wa makamo na wazee, kwa hiyo si haki kuzidisha tarakimu hizo kwa idadi ya watu wote. Ila hao 11 ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana kwao ndiko viharusi vya miaka ijayo vinakotoka.

Kati ya wale 31 wa New York, 8 tu ndio waliopelekwa hospitali kwa sababu ya kiharusi chenyewe; wengine waliingia kwa sababu nyingine, na hapo ndipo muda hupotea. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli milioni 1.9 kila dakika. Nusu saa ni milioni 57. Dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, zikihesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyelazwa kwenye mashine ya kupumulia, amechomwa dawa ya usingizi, hawezi kusema kwamba mkono umekufa ganzi. Kwake, mara hiyo ya mwisho inaweza kuwa juzi.